Jinsi ya kupika waakye nyumbani ikatoka kama ya kibandani Accra

Mwenzetu mmoja kutoka Mombasa amehamia Accra kikazi, na asubuhi hakosi kwenye foleni ya waakye, wali na kunde wa Kighana, kule mtaa wa Nima. Juzi aliniomba nimfundishe kuipika. Wali na kunde sote tunaujua tangu utotoni, kwa hiyo hapo hakuhitaji msaada. Kilichomsumbua ni rangi. Majani yanayotoa ile rangi ya hudhurungi iliyoiva ndiyo yanayoleta na harufu, na bila hayo umepika wali kunde tu.

Mahitaji: mchele vikombe 2, kunde kikombe 1, konzi ya majani makavu ya mtama mwekundu, magadi, chumvi.

Hatua ya 1. Chambua kunde, uzioshe. Usiziloweke, magadi yatazilainisha. Za kopo sizipendi kabisa, zinapondeka kabla mchele haujaiva.

Hatua ya 2: majani na magadi. Hapa usiwe na haraka.

Kinachotumika ni ile sehemu ya chini ya jani inayokumbatia bua. Sokoni, iwe Makola au Nima, huuzwa imefungwa vifurushi. Angalia upande wa ndani: uwe na zambarau iliyokolea. Yaliyopauka yamekaa sana, hata ukijaza sufuria utapata maji ya rangi ya chai hafifu. Yakate urefu wa kidole, uyasugue kwa maji maana yana vumbi jingi, kisha uyafunge kwa uzi. Wapo wanaoyatupia yakiwa yametawanyika. Mimi nafunga, la sivyo utashinda unatoa vipande kwenye wali.

Magadi, ambayo Ghana huitwa kanwu, yana kazi mbili: kulainisha kunde na kuvuta rangi kutoka kwenye majani. Usiyatie mazima sufuriani. Yaloweke kwenye kikombe cha maji, mchanga utuame chini, kisha umimine yale maji ya juu peke yake. Kwa kipimo hiki nusu kijiko cha chai kinatosha. Yakizidi, chakula kinapata ladha ya sabuni, kunde zinapasuka na wali unakuwa bokoboko, na hakuna namna ya kuyapunguza tena. Kama huna magadi, robo kijiko cha chai cha baking soda itafanya kazi. Yale magadi yanayouzwa kwa kutengenezea sabuni usiyaguse.

Weka kunde, majani na vikombe 6 vya maji baridi kwa pamoja, ndipo utie maji ya magadi. Ukisubiri maji yachemke kwanza, majani hayapati muda wa kutosha. Baada ya dakika kama 20 chota kidogo kwenye bakuli jeupe: yawe mekundu ya kukolea kama juisi ya rosela. Usiridhike na wekundu wa wastani, kwani mchele ukiingia rangi inapungua sana. Kama bado, ongeza majani. Usiongeze magadi.

Hatua ya 3. Kunde zikiminyika kwa vidole lakini bado zina umbo lake, toa fungu la majani. Chumvi tia sasa, na uonje kwanza, maana magadi nayo yana uchumvi wake.

Hatua ya 4. Chuja maji yote kwenye jagi uyapime. Kwa vikombe 2 vya mchele rudisha vikombe 3. Kukisia kwa kidole hapa hakufai, kwa sababu kunde nazo zinachukua nafasi sufuriani. Mchele uliooshwa uingie, koroga mara moja tu. Maji yakikauka, funika kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko, moto uwe mdogo kabisa. Wenye jiko la mkaa mpalie juu. Wali unachambuka vizuri zaidi.

Hatua ya 5: shito, yaani sosi nyeusi ya pilipili. Kaanga vitunguu, tangawizi na saumu vilivyosagwa kwa mafuta mengi, tia nyanya ya kopo, kisha pilipili kavu, unga wa samaki wakavu na uduvi uliosagwa. Moto mdogo, koroga mpaka iwe nyeusi na mafuta yaelee. Pika nyingi, inakaa.

Hatua ya 6: kupakua. Waakye chini, juu yake talia (tambi za kuchemsha), yai la kuchemsha, ndizi za kukaanga, na wele, yaani ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa ikalainika, ukiipata. Halafu mchuzi wa nyanya na kijiko cha shito. Gari, ile chenga ya muhogo uliochachushwa na kukaangwa, inyunyizie mwisho kabisa, mtu akiwa ameshakaa kula. Ukiitanguliza inafura na kunyonya mchuzi wote.