Jinsi ya kwenda kambi ya dagaa na ARV zako bila kukosa kidonge hata siku moja

Hii naandika kwa wenzangu wanaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na riziki yao iko kwenye dagaa, uwe mvuvi, muanikaji au mchuuzi kama mimi, maana nimezunguka mialo ya Ziwa Tanganyika, yaani fukwe za kushushia samaki, kusini mwa Kigoma kuelekea milima ya Mahale miaka mingi na hili jambo naliona kila msimu. Mimi mwenyewe niko kwenye dawa mwaka wa tisa sasa. Mwaka wa pili nilikaa wiki tano bila kidonge, na si kwamba niliacha kusudi, nilienda kuchukua mzigo wa siku nne tu, ziwa likachafuka, boti haziji, halafu dagaa wakaanza kutoka kwa wingi nikasema ngoja nimalizie giza hili, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ndo nirudi. Narudi mjini, wanapima wingi wa virusi, vimepanda vibaya. Na kwenye kile kituo nilifokewa mbele za watu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nilijikaza nikarudi tarehe iliyofuata, ila nawajua ambao walifokewa hivyohivyo na hawakurudi.

Watu wanasema kambini maambukizi yanaenea kwa sababu ya uhuni. Sikubali, nimekaa nao. Kirusi kinapita pale mtu anapokatika dawa, kinapanda ndani ya wiki chache tu, na huyo mtu ana mwenza kambini na ana mke nyumbani na wote wanamwamini. Sasa mtu anakatika kwa nini? Umbali, nauli, aibu, na kazi yetu ya kuhamahama. Mkoa wetu kwa hesabu uko chini, utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchi nzima wana virusi vya UKIMWI, Njombe 12.7, Kigoma tuko kati ya mikoa ya mwisho kabisa. Lakini hesabu ya mkoa haikwambii habari za mwalo mmoja, na ukishuka kwenye vijiji vya Watongwe huko chini ya milima ambako njia ya kutegemea bado ni ziwa, mgonjwa mmoja aliyekatika dawa yuko mbali na msaada kuliko wa mjini kumi.

Tuanze na mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi nyumbani. Sasa kliniki ikikupangia tarehe inayoangukia katikati ya giza hutaenda, tusidanganyane, tajiri mwenye boti hakuruhusu na wewe mwenyewe roho haikuruhusu kuacha hela ziwani. Kwa hiyo siku ya kliniki usiinuke kwenye kiti kabla hujasema, mwambie muhudumu kwa heshima tu, "Dada, mimi kazi yangu ziwani, naomba tarehe iwe ya mbalamwezi". Wengi hawajui hiyo habari kama hawajazaliwa ufukweni, ukiwaeleza wanaelewa. Halafu ulizia dawa za miezi mitatu au sita. Ukiwa umetulia kwenye dawa na virusi vimefubaa inawezekana, mambo ya kwenda kila mwezi ni ya anayeanza au ambaye hali yake haijakaa sawa. Hili mimi nilikaa muda mrefu silijui, nilikuwa nahangaika kila siku thelathini kumbe haki yangu ipo.

Kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya ARV, ipige picha mbele na nyuma ibaki kwenye simu, na yenyewe uiweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya nguo. Ukikwama mbali, nenda kituo chochote chenye huduma hiyo, onyesha kadi, sema umesafiri, watakusaidia kukuvusha kwa muda bila kukuhamisha. Usikae unasubiri mpaka kidonge cha mwisho ndo uanze kutafuta boti, vikibaki vya siku kumi anza safari.

Kutunza dawa sasa. Kile kidonge kimoja cha siku tunachotumia wengi wetu, TLD, hakitaki joto kali wala unyevu, na kambini vyote viwili vipo, hema la turubai saa saba mchana ni tanuri. Dawa ibaki kwenye chupa yake ileile, na kile kifuko kidogo kilichomo ndani usikitupe, kinafyonza unyevu. Naona watu wanamwaga vidonge kwenye kipande cha gazeti ili chupa isijulikane, baada ya wiki mbili vinalainika. Kama unaogopa ule mlio, maana chupa ikitikisika kambi nzima inaujua, weka pamba safi kavu juu ya vidonge ibane, funga kifuniko, tikisa sikioni kwako usikie. Kimya. Mimi baada ya hapo naitia chupa kwenye kopo la plastiki la mdomo mpana, nafunga, halafu nazungusha mpira wa tairi la ndani la baiskeli pale kwenye kifuniko mara tatu, hata likidondoka majini linaelea. Kopo linakaa chini kivulini, sehemu yenye ubaridi, siyo juu karibu na bati. Na usibebe dawa zote sehemu moja, gawa chupa zako mara mbili, nyingine kwako nyingine kwa mtu unayemwamini au nyumbani, kwa sababu boti zinazama na mabegi yanaibiwa.

Saa ya kumeza wengi wanakosea hapa, wanaambiwa saa tatu usiku, saa tatu usiku mvuvi yuko katikati ya ziwa mikono imejaa kamba na taa zimewashwa. Chagua saa inayoendana na kazi yako, kwa wavuvi wengi jioni kabla ya kusukuma boti ni nzuri, yaani ile saa mnaangalia taa na betri, weka alamu bila jina lolote la dawa. Kidonge hiki unaweza kumeza umekula au hujala, kwa hiyo habari ya "leo sijala nisimeze" iache kabisa. Ukisahau, meza ukikumbuka, halafu endelea na saa yako ya kawaida, usimeze viwili kwa mpigo kufidia. Ukimeza dawa za kiungulia zile za kutafuna au za maji meupe, ARV itangulie masaa mawili au ingoje masaa sita, zikikutana tumboni ARV inapungua nguvu. Na ukianzishiwa dawa za TB lazima useme unatumia ARV hata kama wanaouliza ni wageni, kwa sababu dozi inabidi ibadilishwe. Hilo usilifiche hata kidogo.

Kuhusu mwenza. Ukimeza vizuri na kipimo kikaonyesha virusi havionekani, humuambukizi mtu kwa ngono, hiyo imethibitika na siyo maneno ya kufarijiana. Lakini ni kipimo ndicho kinasema, siyo kunenepa wala kujisikia vizuri. Kabla ya hapo kondomu, na kambini zinaisha, beba zako. Mwenza ambaye hataki kwenda kituoni kuna kipimo cha mate cha kujipima mwenyewe, sheria yetu inaruhusu tangu 2019, asile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, apitishe kile kijiti kwenye fizi ya juu mara moja na ya chini mara moja, atie kwenye kichupa, asome kuanzia dakika 20 isizidi 40. Mistari miwili hata kama mmoja umefifia, aende kituo wathibitishe. Wewe unayetumia ARV usijipime nacho, kinaweza kukwambia huna kitu ukaacha dawa, nimeona dada mmoja amefanya hivyo akashangilia mwalo mzima na miezi mitatu baadaye tulikuwa tunambeba.

Kondomu ikipasuka na mwenzio hana maambukizi, na wewe virusi bado vinaonekana, kuna dawa za kinga za siku 28 ila lazima zianze ndani ya masaa 72 na mapema zaidi ni bora zaidi. Kwa kambi ya mbali maana yake ni boti ya asubuhi ileile, siyo ya Jumamosi.

Mama mwenye mimba au anayenyonyesha nakuomba usome hapa taratibu. Bila dawa, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wanaweza kuambukizwa, mama akimeza vizuri wanashuka chini ya 5. Mtoto anapewa dawa ya maji tangu anazaliwa, na anapimwa damu ya kisigino akiwa na wiki 4 hadi 6. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Huku kwetu shida inaingia pale mama anaposhuka ufukweni kuanika saa kumi na mbili asubuhi, mtoto analia, bibi kwa upendo wake anampa uji. Uji ule wa mapema unachubua utumbo na kurahisisha njia ya kirusi. Usigombane na bibi, mwamkie, kaa naye, mwambie daktari amekataza mpaka miezi sita, na mtoto umfunge mgongoni uende naye kwenye chanja za kuanikia dagaa, unyonyeshe hukohuko.

Kuna jambo la pembeni linaloulizwa sana upande wa Mwamgongo, kijiji jirani na hifadhi ya Gombe, eti ugonjwa huu ulitoka kwa sokwe wetu wa Gombe. Hapana. Sokwe wa Gombe wana kirusi cha jamii hiyo, na utafiti uliotoka 2009 ulionyesha wenye nacho wanakufa mapema kuliko wenzao, lakini kilichoenea duniani kwa binadamu asili yake ni sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, kikasambaa kutokea Kinshasa, mambo ya zamani kabla ya uhuru. Kwa hiyo asinyooshewe mtu kidole kwa kuwa kazaliwa jirani na hifadhi.

Na kirusi hiki cha UKIMWI kina ndugu yake mwingine anaitwa HTLV-1, alitangazwa 1980. Kule Australia ya kati, kwenye vijiji vya watu wa asili mbali na mji wa Alice Springs, kuna sehemu zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima waliopimwa walikutwa naye. Anapita njia zilezile, ngono, damu, maziwa ya mama, analeta saratani ya damu, kupooza miguu, na huko anaandamana na mapafu kuharibika. Yeye hana kidonge cha kumfubaza. Niliposoma habari ya wale watu niliumia, wako mbali kama sisi, wanasubiri huduma kama sisi, ila mwisho wa safari yao ya kliniki hakuna chupa ya dawa. Ya kwetu ipo na ni bure.

Kwa hiyo giza hili likiisha na boti ikakushusha mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini, mzigo mwachie mwenzio aupakie, kliniki kwanza, nyumbani baadaye. Beba chupa tupu na ile picha ya kadi. Na kabla hujapokea tarehe mpya fungua kalenda ya simu uangalie mwezi mpevu unaangukia lini.