Umeitwa intavyuu ya umeneja Kampala? Jipange hivi, na mshahara uupigie hesabu kabla hujatoka nyumbani

Nimetoka kumuandaa mdogo wangu kwa intavyuu ya umeneja wa tawi, na maswali yake ni yaleyale naulizwa na kila afisa anayetaka kupanda, kwa hiyo nayaandika hapa. Kazi yangu ni HR (idara ya rasilimali watu), huwa nakaa upande wa wanaouliza.

Hatua ya 1: Makaratasi. Kitambulisho cha taifa, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), vyeti. Referii wako (watu watakaoulizwa habari zako) waambie mapema. Twende.

Hatua ya 2: Simu ya HR. Watataka kujua notisi yako (muda wa kumtaarifu mwajiri kabla ya kuacha kazi) na unataka shilingi ngapi. Notisi ijue kabisa: Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema aliyekaa kazini miaka 5 hadi 10 ni miezi 2, aliyezidisha 10 ni miezi 3, usije ukaahidi kuripoti wiki ijayo. Hela usitaje bado, sema unaomba kwanza ujue majukumu yote.

Hatua ya 3: Paneli. Atakuwepo HR, bosi wako mtarajiwa, mara nyingi na mtu wa fedha. Kazi ya mikono yako hawaiulizi sana, wanauliza ulivyoongoza watu: uliyempa barua ya onyo, tageti iliyokosa, bajeti iliyokatwa katikati ya mwaka. Andaa visa vinne vyenye tarakimu. Na hapa watu wetu wanaangukia kwenye adabu, mtu anasema "tulifanya, tuliamua" mwanzo mpaka mwisho, paneli inabaki haijui yeye aliamua nini! Timu isifie, lakini pale ulipoamua wewe sema "niliamua".

Wakikuomba mpango wa siku 90 za kwanza, mimi slaidi sizipendi hata kidogo. Karatasi moja, nakala kwa kila mwanapaneli, umeme ukikatika we unaendelea tu.

Hatua ya 4: Swali la mshahara. Hapa ndo tulikaa na dogo mpaka usiku, manake alikuwa na namba moja tu kichwani, milioni 4, na hajui kama ni ghafi (kabla ya makato) au ya mkononi. Paneli ikisema mshahara inamaanisha ghafi. Kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vilivyoanza Julai 2012, mtu wa ghafi milioni 6 anakatwa kodi 1,702,000, halafu NSSF asilimia 5 ambayo ni 300,000, anabaki na 3,998,000. Kwa hiyo dogo akitaka milioni 4 mkononi aombe milioni 6 na kidogo, akisema "nataka 4" ataondoka na 2,698,000 na mkataba keshasaini.

Njia ya mkato: chukua hela unayotaka mkononi, toa 98,000, gawanya kwa 0.65, umepata ghafi. Lakini angalia haya. Inafanya kazi ghafi ikiwa kati ya 410,000 na milioni 10 tu, juu ya hapo kinachozidi kinaongezewa kodi ya asilimia 10 nyingine. Bajeti ya Juni inaweza kubadilisha viwango, hakikisha kabla ya kwenda. Kuna local service tax (kodi ya serikali za mitaa) pia, haizidi laki moja kwa mwaka. Posho ya usafiri na ya nyumba inakatwa kodi kama mshahara, usidanganyike kwamba ni hela ya bure. Na uliza kama namba yao imejumlisha ile asilimia 10 ya NSSF ya mwajiri, maana hiyo kisheria analipa yeye juu ya mshahara wako, haitoki mfukoni mwako.

Wakigoma kupanda, acha posho, omba bima ya matibabu ya familia nzima. Bima anayolipa mwajiri haikatwi kodi, na mtoto akilazwa ndo utajua thamani yake.

Hatua ya 5: Zamu yako kuuliza. Uliza nafasi imeachwaje wazi, na aliyekuwepo yuko wapi. Wakianza kutazamana, ulizia na bosi wa idara amekaa muda gani.

Hatua ya 6: Ofa. Soma kipindi cha majaribio. Sheria inaruhusu miezi 6 isizidi, na kuongeza mingine, nayo isiyozidi 6, mpaka wewe ukubali. Mkataba ukiandika "mwaka mmoja" moja kwa moja, rudisha warekebishe ndipo usaini.