Mipaka ya Kata Ikibadilika: Jinsi ya Kujiandikisha na Kumchagua Diwani England

Ndugu zetu wengi wanaoishi England wana pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, na wanadhani kura si yao mpaka wapate uraia. Sivyo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kukaa, hata kama ni viza ya masomo, anaruhusiwa kuchagua diwani akishatimiza miaka 18. Asiye na uraia mwingine zaidi ya wa Kongo, Burundi au Oman ndiye anayelazimika kwanza kupata uraia wa Uingereza.

Mipaka ya kata inapochorwa upya, watu huanza kuulizana kama waliondolewa kwenye daftari. Kama jina lako limo na hujahama nyumba, huna la kufanya: halmashauri yenyewe hukuingiza kwenye kata mpya. Aliyehama, hata kama ni mtaa wa pili tu, ndiye anayejiandikisha upya. Ingia gov.uk, kwenye ukurasa wa kujiandikisha kupiga kura, ujaze jina, uraia, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Bima ya Taifa. Hakuna malipo. Kama huna namba hiyo, eleza sababu kwenye fomu, nao watakuomba uthibitisho mwingine. Mwisho ni saa sita usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, kwa hiyo hesabu kwa kalenda mkononi.

Sasa jina, na hapa naomba uwe makini sana. Tangu Mei 2023, kituoni huulizwa kitambulisho chenye picha, na jina lake linalinganishwa na lililo daftarini. Sisi majina yetu hutembea: pasipoti ina la baba na la babu, kwingine umeandika mawili tu, au umeolewa ukabadilisha. Jiandikishe kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba. Pasipoti ya kwenu, kama ni nchi ya Jumuiya ya Madola, inakubalika, hata iliyokwisha muda, maadamu picha bado inafanana nawe. Asiye na kitambulisho chochote kinachokubalika aombe cheti cha mpiga kura, nacho ni bure, kabla ya saa kumi na moja jioni, siku 6 za kazi kabla ya uchaguzi.

Kadi ya taarifa ya kupiga kura ikifika kwa posta, isome. Kituo chako cha miaka yote huenda si chako tena. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku.

Halafu idadi ya alama. Manchester ilipopata mipaka mipya, tarehe 3 Mei 2018, viti vyote 96 vya kata 32 viligombewa kwa pamoja. Mpiga kura aliyezoea kuchagua diwani mmoja akawa na nafasi ya kuchagua watatu. Soma maelezo yaliyo juu ya karatasi yenyewe. Ukiambiwa watatu, weka X kwa watu watatu tofauti. Huwezi kumrundikia mmoja zote. Ukiweka pungufu, kura inahesabiwa. Ukizidisha, imeharibika. Ukigundua kosa kabla hujaitumbukiza sandukuni, usifute: mrudishie msimamizi, akupe nyingine.