Uwanja wa Ndege Unapanuliwa: Jiandae Kabla Mthamini wa Fidia Hajafika

Kwa anayekaa Kisongo jirani na Uwanja wa Ndege wa Arusha, au vijiji vya Hai na Meru vinavyopakana na KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro), upanuzi huanza kama tetesi: mara wapima wameonekana, mara bei ya viwanja imepanda. Usisubiri X nyekundu ukutani, alama ya nyumba itakayobomolewa. Fidia yako huamuliwa siku ile mthamini anapoingia uani kwako, na kisichoandikwa siku hiyo ni kazi ngumu kukirudisha.

Anza na jina. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na marehemu hawezi kusaini malipo. Ukoo ukae, uandike muhtasari, umpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mfungue shauri Mahakama ya Mwanzo. Matangazo na mapingamizi hula miezi, kwa hiyo fanyeni sasa. Fedha zikishatajwa, kuelewana kunakuwa kugumu. Kama una karatasi ya mauziano tu, ionyeshe kwa mtendaji na uhakikishe majirani wa pande zote nne wametajwa. Mume na mke waandikwe wote.

Kisha pima na uhesabu mwenyewe. Tumia futi kamba, si hatua za miguu. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kina mita za mraba 800. Kikiandikwa 19 kwa 39 ni 741, umepoteza 59 kwa kosa la mita moja kila upande. Hesabu kahawa, migomba na miparachichi mti kwa mti, ukitenganisha unaozaa na mche, maana haulipwi sawa. Vinavyosahaulika zaidi ni vya ardhini: msingi uliosimama ukaota nyasi, bomba la maji, shimo la choo. Fyeka nyasi, piga picha, andika tarehe.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa awepo. Ukipigwa picha na namba, hakiki kwamba ndiyo namba iliyo kwenye fomu yako. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Ipige picha kabla haijaondoka. Makaburi yatajwe siku hiyo hiyo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 hulipia gharama za kuyahamisha, hailipi thamani yake.

Hesabu yenyewe si siri. Kanuni za fidia za 2001 zinataka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo (majengo na mazao yaliyomo), halafu posho. Posho ya usumbufu ni thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana ya miezi 12 benki: ardhi ya shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 8 inatoa milioni 1.6. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36. Kodi ikiwa 100,000, unapata milioni 3.6. Usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20. Shamba lisilokaliwa na mtu halipati makazi wala usafiri.

Wanaoumia zaidi ni wenye biashara. Upotevu wa faida ni faida halisi ya mwezi mara 36, lakini kwa hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe, fundi pikipiki na mpangaji wa fremu huuza kila siku bila kuandika, na hapo ndipo haki yao inapopotea. Tetesi zikianza tu, fungua daftari la mauzo na manunuzi, tunza leseni na karatasi za makadirio ya TRA, mtafute mkaguzi wa hesabu mapema.

Baada ya uthamini, ulichojenga au kupanda upya hakihesabiwi. Lakini bati linalovuja lizibe, familia isilowe. Uliza tarehe Mthamini Mkuu wa Serikali aliyoidhinisha jedwali la fidia, kwa maana Sheria ya Uthamini ya 2016 inahesabu kuanzia hapo: miezi sita ikipita bila malipo, riba inaanza, miaka miwili ikipita, uthamini unarudiwa.

Anayebaki nje ya uzio naye ana hoja. Kwenye mkutano wa tathmini ya mazingira uliza wazi: watoto watapita wapi kwenda shule, mifugo itafikaje majini, na maji ya mvua ya lami mpya yataelekezwa wapi? Bila mtaro, yanaishia mashambani. Ukitaka kujenga ghorofa au mnara, ulizia kwanza kibali cha urefu TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Usiporidhika, andika barua halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ikibidi kuishitaki Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu.