Kiti cha Mninga Kutoka Gulioni: Kukikagua, Kukiunga, Kukipaka

Fedha za korosho zikianza kuingia mwishoni mwa mwaka, watu huku Mtwara hununua sofa mpya, na viti vya babu hutolewa barazani. Huo ndio wakati wangu wa kuzunguka gulioni na kwenye mitaa ya Mikindani.

1. Pindua kiti miguu juu. Rangi ya juu isikushughulishe. Kwangua kidogo chini ya kikalio kwa ncha ya kisu: mninga hutoa hudhurungi yenye michirizi myeusi, paini hutoa weupe. Kisha gonga miguu. Ukidondoka unga laini, bungua, mdudu mla mbao, bado yumo. Kiache hapo hapo, maana atahamia kwenye kabati lako. Mguu unaocheza usikutishe, huo ni wa kuombea punguzo. Hapa usiharakishwe na muuzaji hata kidogo.

2. Kifungue maungio yanayolegea kwa nyundo ya mbao. Kwangua gundi kuukuu yote kwenye ulimi, ile ncha ya mbao inayochomekwa, na kwenye tundu lake. Gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha, halafu zungushia utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu. Tyubu hubana pande zote bila kuumiza mbao. Kilaze hadi kesho.

3. Toa rangi kwa kikwangulio, kisha msasa namba 80, 120, na umalizie 240, ukifuata uzi wa mbao. Funga kitambaa puani, vumbi la mninga huwasha.

Kiti kimoja nilichonunua kwa shilingi 7,000 kilikuwa na buluu, chini yake kijani, chini yake nyeupe. Chini kabisa nikakuta mkono wa kulia umelika, umeacha kibonde laini cha kiganja. Mtu alikikalia kiti hicho miaka mingi akiegemea upande ule. Pale sikupitisha msasa mkali. Nilifuta kwa kitambaa tu. Kibonde kile ndicho nilichokipenda kuliko mninga wenyewe.

4. Paka vanishi mara mbili, ya kwanza iliyozimuliwa kwa tina, kile kimiminika cha kupunguzia uzito wa rangi. Paka jua likishakausha umande, si jioni: unyevu wa baharini huifanya vanishi iwe na ukungu mweupe. Subiri siku tatu kabla hujakikalia, la sivyo nguo itanasa.