Namna ya Kumlea Mtoto katika Subira kwa Visa vya Mitume

Wazazi wengi, na sisi walimu wa madrasa pia, humwambia mtoto "subiri" tukikusudia "nyamaza", na hapo ndipo malezi yanapoanza kwenda kombo. Wanazuoni wameigawa subira mafungu matatu: kudumu katika utiifu, kujizuia na maasi, na kustahamili misiba. La tatu ndilo linalotajwa sana, ilhali mtoto wa miaka tisa hukutana zaidi na yale mawili ya mwanzo, anapoamshwa alfajiri au anapotamani kuchungulia daftari la mwenzake.

Anza na Nabii Yaakub. Alipoletewa kanzu ya Yusuf ina damu ya uongo, alitamka "subira njema". Baadaye macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe walipomlaumu akawajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Simulia polepole, kisha muulize mtoto kama aliyelia kiasi hicho alikuwa amekosa subira, nawe usimjibie. Nabii Ayyub, aliyejaribiwa kwa maradhi, mweke baadaye, na ukifika kwake usiongeze zile hadithi za funza mwilini, kwani Qur'ani haikuzitaja.

Kisha chagua kisa kwa mujibu wa mtihani alionao mtoto. Aliyekata tamaa ya kuhifadhi Qur'ani anamhitaji Nabii Nuh, aliyekaa na watu wake miaka 950, akiwalingania usiku na mchana, nao wakitia vidole masikioni na kujigubika nguo zao. Mwanafunzi wangu mmoja alikwama siku nne katika Suratul-Balad. Nikamwambia azibe masikio kwa vidole, nami nikaendelea kumsomea hivyo hivyo kwa muda. Alicheka, halafu akatoa vidole na kuuliza, "Ustadh, kwani yeye hakukasirika?" Swali hilo lilitufikisha mbali kuliko mawaidha yangu ya wiki nzima.

Mwenye pupa msimulie safari ya Nabii Musa na Khidhri, yule mja mwenye elimu aliyemshurutisha asiulize lolote, lakini ikifika pale Khidhri anapotoboa jahazi, nyamaza mpaka kesho. Atalalamika, na malalamiko hayo ndiyo somo lenyewe, kwa sababu Musa naye, pamoja na kuhesabiwa miongoni mwa Mitume watano wa Ulul-Azm, yaani wenye azma kubwa, alishindwa kuzuia ulimi wake mara tatu. Kesho yake mwache kwanza akisie sababu, ndipo umtajie mfalme aliyekuwa akipora kila jahazi zima.

Linabaki lako wewe mlezi. Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwambia mwanamke aliyekuwa akilia kaburini kwamba subira ni pale pigo la kwanza linapotua, na mtoto hukupima papo hapo, uji unapomwagika juu ya mkeka uliotandikwa sasa hivi. Ukipayuka, ahirisha kisa cha jioni hiyo, na umwombe radhi kwanza.