Huduma ya kangaruu wodini: hesabuni saa, si majina

Mtoto njiti hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na hulishwa maziwa ya mama. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Zamani ulisubiri mtoto atulie kwanza kwenye mashine ya joto. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa 2021, uliugeuza mpangilio huo: kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Wanaoachwa ni wasioweza kupumua wenyewe baada ya kuhuishwa, waliopata mshtuko wa mzunguko wa damu (damu haifiki vya kutosha mwilini) na wanaohitaji mashine ya kupumulia. Dripu au oksijeni ya puani si kizuizi.

Anzeni na kitanda. Mama akilazwa wodi ya wazazi na mtoto akabaki ya watoto wachanga, atamshika wakati wa kunyonyesha tu, kisha daftari litasema "yuko kangaruu". Wekeni kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto, sehemu ya kichwani ikiwa imeinuliwa, na mkubaliane mapema ni mkunga yupi atamhudumia humo mama aliyejifungua kwa upasuaji. Bila makubaliano hayo kila zamu itamrudisha alikotoka.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mkao ni wima katikati ya matiti, miguu ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeukie upande mmoja na kuinuka kidogo. Ukingo wa juu wa kitambaa kinachomfunga kifuani kwa mama ufike chini kidogo ya sikio. Kikilegea, mtoto huteleza, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa huziba. Hilo ndilo kosa la kuogopwa kuliko yote. Kagueni shingo, rangi na upumuaji kila mnapopita, hasa mama akiwa amesinzia.

Joto la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka mtoto akiwa kifuani, tazameni kwanza nepi mbichi, kofia iliyotoka kichwani na dirisha lililo wazi. Likiendelea kuwa chini, chukulieni ni maambukizi hadi mthibitishe vinginevyo. Asiyeweza kunyonya alishwe maziwa yaliyokamuliwa kila saa 2 au 3, kwa kikombe au mrija wa kufikisha maziwa tumboni.

Kila kitanda kiwe na karatasi ya saa: alipoanza, alipotoka, sababu ya kutoka. Vipindi visipungue saa moja, maana kumtoatoa kunamchosha. Safu ya sababu ndiyo yenye faida kwa msimamizi. Ikijaa "mama ameenda kula", pelekeni chakula kitandani na mruhusu baba au bibi ashike zamu.

Ruhusa ya kwenda nyumbani itolewe mtoto akinyonya vizuri na kuongezeka angalau gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, siku 3 mfululizo. Arudi kliniki mara mbili kwa wiki hadi atimize wiki 37 tangu mimba ilipoanza kuhesabiwa. Nyumbani kangaruu inaendelea. Akikaribia kilo 2.5 ataanza kujinyonganyonga, kuchomoa mikono na kulia kila akifungwa, hapo acheni kumfunga.